Mwanangu ataka mlango wa rimoti, shemeji ataka wa chuma: gereji yangu ifungwe na upi?

SWALI

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Tororo. Pamoja na mzee wangu tunamalizia nyumba ambayo tumeijenga kidogo kidogo kwa kiinua mgongo changu na mauzo ya mahindi. Paa limekwisha kuezekwa, na mafundi wanasubiri tu tuwaruhusu waanze plasta. Gereji imeshikamana na nyumba, ina mlango mdogo wa kuingilia jikoni, na juu yake tumemwaga zege kwa ajili ya tanki la maji. Limebaki jambo ambalo nilidhani ni dogo, yaani mlango mkubwa wa kuingizia gari, nalo limeigawa familia.

Shemeji yangu, mdogo wake mzee, ni fundi wa kuchomelea anayejulikana mjini kwa mageti, na amejitolea kututengenezea mlango wa chuma wa mabawa mawili unaofunguka kwa nje. Mwanangu anayefanya kazi Kampala anasema milango hiyo imepitwa na wakati. Yeye amepiga simu katika duka moja huko, akatajiwa bei ya mlango wa vipande unaopanda darini kwa mota na kufunguliwa kwa rimoti. Bei hiyo ni zaidi ya mara tatu ya ile ya shemeji, ingawa mwanangu yuko tayari kuilipia nusu. Tena kuna jirani aliyebomoa duka lake, anayetaka kutuuzia shata ya kukunja iliyokwisha tumika, kwa bei ndogo sana.

Uwazi wa mlango una upana wa mita 2.7 na kimo cha mita 2.2. Kutoka ukingo wa juu wa uwazi hadi kwenye zege la dari ni sentimita 20. Ukiwa ndani ukitazama nje, upande wa kushoto kuna ukuta mtupu wa mita 3, ambao nilikusudia kuujaza rafu. Upande wa kulia ni nusu mita tu. Kutoka kwenye uwazi hadi geti la barabarani ni mita 5. Gari letu ni Noah. Ninayeendesha ni mimi, kwa kuwa mzee macho yamempungukia, na bega langu la kulia haliwezi tena kunyanyua kitu kizito. Wajukuu hutujia kila likizo. Kwa sababu umeme hukatika, jenereta tutaiweka humo gerejini, na vumbi la hapa nadhani unalijua, kwa hiyo nataka mlango unaoziba sawasawa.

Nisaidie kuamua bila kumkosea mwanangu wala shemeji.

Mwalimu Mstaafu, Tororo

JIBU

Mwalimu mheshimiwa,

Kabla ya mlango, naomba kwanza tuiondoe hiyo jenereta. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwaua watu usingizini bila kuwapa nafasi ya kushtuka. Kwa kuwa gereji yako imeshikamana na jiko, hewa hiyo itapita chini ya mlango mdogo na kufika vyumbani. Wala usijidanganye kwamba kuuacha mlango mkubwa wazi kunatosha, kwani taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa hushauri jenereta iwashwe nje kabisa, angalau futi 20, yaani mita 6, kutoka kwenye milango na madirisha ya nyumba. Ijengeeni kibanda chake nyuma ya nyumba, chenye matundu mapana na mnyororo wa kuizuia isiibwe. Sigiri ya makaa nayo isiwashwe gerejini, hata siku ambayo mvua imewafukuza uani. Na kwa sababu gari lenyewe hutoa moshi huo huo linapowashwa asubuhi, waambie mafundi waache matundu mawili ya hewa katika ukuta wa nyuma, moja karibu na sakafu na jingine juu, yakiwa na wavu wa kuzuia panya. Baada ya hapo hutahitaji mlango unaoziba kabisa. Utahitaji unaozuia mvua, wezi na sehemu kubwa ya vumbi, jambo ambalo ni rahisi zaidi.

Umenipa vipimo, nami nakushukuru, kwa sababu vipimo hivyo vimekwisha kuamua zaidi ya nusu ya swali lako. Watu wengi huanza na picha ya mlango waliouona mahali, kisha huulazimisha uingie katika uwazi wao. Inafaa kuanza na ukuta: juu ya uwazi kuna nafasi gani, kando yake kuna nafasi gani, na mbele yake gari litasimama wapi wakati mlango unafunguliwa.

Shata ya jirani tuimalize haraka. Shata hukatwa kwa upana wa uwazi ilikotoka, na ile ya duka ikiwa nyembamba kuliko mita 2.7 haiongezeki. Hata ikitoshea, inapokunjwa hufanya bunda ambalo huweza kufikia sentimita 35, na kwa kuwa juu ya uwazi mna sentimita 20 tu, bunda hilo litashuka chini ya linta, yaani boriti iliyo juu ya uwazi, na kula sehemu ya kimo cha mlango. Ikiwa litafungwa lote chini ya linta utabaki na mita 1.85, na Noah yako ina kimo cha karibu hicho hicho, bila kubeba hata gunia moja juu. Zaidi ya hayo, springi zilizomo ndani ya bomba lake zimekwisha kufanya kazi miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Mshukuru jirani, umwache atafute mnunuzi mwingine.

Mabawa mawili ya shemeji ni mlango mzuri kwa nyumba nyingi za Uganda. Hauna springi wala reli, kila sehemu yake hutengenezwa mjini hapo hapo, na bawaba ikichoka hubadilishwa kwa asubuhi moja. Tatizo liko uani kwenu. Kila bawa litakuwa na upana wa mita 1.35, na likifunguka kwa nje litahitaji nafasi hiyo yote. Noah ina urefu wa karibu mita 4.6. Ukijumlisha unapata karibu mita 6, na wewe una mita 5. Maana yake ni kwamba kila jioni utakaposimama ili ushuke ufungue gereji, nyuma ya gari itakuwa imetokeza barabarani kwa karibu mita nzima, na geti litakuwa wazi wakati umewapa mgongo wapitao. Huo ndio wakati ambao mtu mwenye nia mbaya huusubiri. Mabawa yakifunguka kwa ndani, utahitaji gereji ndefu zaidi ya gari kwa kiasi hicho hicho, na sidhani kama mliijenga hivyo. Mlango wa kipande kimoja unaopinduka kwenda juu, ambao huenda mtu mwingine akaupendekeza, nao husukumia sehemu yake ya chini nje unapofunguka, kwa hiyo unaingia katika kosa lile lile.

Sasa mlango wa mwanao. Si wa kudharauliwa, na kama ungekuwa na nafasi juu ya linta huenda ningemuunga mkono. Vipande vyake hupanda wima na kujilaza chini ya dari bila kugusa ua, na uzito wake hubebwa na springi, kiasi kwamba mtu mwenye bega kama lako huweza kuufungua kwa mkono hata umeme ukiwa umekatika, mradi springi zimepimwa kwa uzito wa mlango huo na si wa mwingine. Mlango uliosawazishwa vizuri, ukifunguliwa mshikio wa mota na kunyanyuliwa hadi katikati, hukaa hapo hapo ulipoachwa. Ukianguka au ukijipandisha wenyewe, springi si sahihi na mota itaharibika mapema.

Lakini mlango huo kwa kawaida huhitaji kati ya sentimita 30 na 40 juu ya uwazi ili vipande vipate kupinda na springi ipate mahali pa kukaa. Viko vifaa maalumu vya dari fupi, vyenye reli mbili mbili, vinavyoweza kufanya kazi katika nafasi kama yako, ila huongeza gharama na huhitaji fundi anayevijua. Dukani walimtajia mwanao bei kwa simu, na katika barua yako sioni kwamba walimuuliza kimo cha juu ya linta. Hiyo ni bei ya mlango wa nyumba nyingine. Kabla hajalipa shilingi moja, aulize pia kama bei hiyo imekwisha kujumlisha ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 18, pamoja na nauli ya fundi kuja Tororo.

Suala la fundi ndilo linalonizuia zaidi kuliko la bei. Springi ya kawaida ya milango hiyo hutengenezwa ili ivumilie takribani mizunguko 10,000, mzunguko mmoja ukiwa ni kufungua na kufunga. Familia inayotoka na kurudi mara mbili kwa siku, ikifunga mlango kila mara, hutumia mizunguko minne, kwa hiyo springi itafika mwisho wake baada ya siku 2,500, ambazo hazifiki miaka saba. Ikikatika, mlango mzima huwa mzigo usionyanyulika, pengine gari likiwa ndani. Tena springi iliyokazwa hubeba nguvu ya kuvunja mkono wa mtu, na fundi asiyefundishwa kazi hiyo, hata awe hodari wa mageti namna gani, haipasi kuilegeza. Ninyi mko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Ningekuwa mimi, singefunga katika nyumba ya wazee wawili kitu ambacho kikiharibika usiku wa Jumamosi hakina wa kukitengeneza hadi wiki ifuatayo.

Umeuliza kati ya milango mitatu, nami nakupendekezea wa nne, kwa sababu ukuta wako wa kushoto unauita: mlango wa kusukuma kando, wa bawa moja, unaoning'inia kwenye reli iliyofungwa ndani juu ya uwazi na kuteleza nyuma ya ukuta huo. Hauhitaji dari ndefu, kwani sentimita 20 zinatosha reli na magurudumu yake. Hauchukui hata sentimita moja ya ua. Hauna springi. Na mtengenezaji wake ni shemeji yako.

Mwonyeshe shemeji maelezo haya, nawe usimame naye akipima. Bawa liwe na upana wa mita 2.8, ili lipite ukingo wa uwazi kwa sentimita 5 kila upande. Kwa hiyo likifunguliwa lote litakaa ndani ya zile mita 3 zako na kubakiza nafasi ya kizuizi cha mpira mwishoni. Fremu iwe ya paipu za mraba, na juu yake liwekwe bati bapa la geji 16 au 18. Nadhani mlipoezeka mlijifunza kwamba namba ya geji ikipanda bati huwa jembamba. Basi geji 28 ya paa, yenye unene wa karibu milimita 0.4, haifai hapa, kwani mwizi huikata kwa mkasi wa bati, ilhali geji 16 ina karibu milimita 1.5. Kwa bati hilo na fremu yake, bawa zima litakuwa na uzito wa kilo mia moja na kitu. Uzito huo usikutishe, kwa sababu hutaunyanyua. Utausukuma tu, na magurudumu yenye beringi nzuri husogea kwa mkono mmoja. Mkono wa kushoto utatosha.

Mahali ambapo shemeji hapaswi kubana matumizi ni reli. Mzigo wa kilo zaidi ya mia unaotembea haufungwi kwenye matofali. Mabano ya reli yafungwe kwa bolti za kupanuka ndani ya boriti ya zege yenye nondo, yakifuatana kwa umbali usiozidi sentimita 60, na reli iendelee juu ya ukuta wa kushoto hadi mwisho wa mwendo wa bawa. Ikiwa boriti ya linta haikufika huko, huu ndio wakati wa kuiongeza, kabla ya plasta. Ndiyo maana nasema mafundi wa plasta wasubiri kidogo. Wasubiri pia fundi umeme ahamishe soketi na swichi zote zilizopangwa katika ukuta huo, kwa sababu bawa litazifunika. Rafu zako nazo, samahani, zitahamia ukuta wa nyuma.

Chini, asichimbe mfereji wa reli sakafuni. Murramu itaujaza katika wiki ya kwanza ya kiangazi, na mvua itaugandisha. Badala yake akunje mkondo wa bati, yaani kijimfereji, chini ya bawa lenyewe, ukitazama chini, kisha afunge sakafuni kigurudumu kimoja kidogo kilichosimama pembeni mwa uwazi, ambacho mkondo huo utakipitia na kuzuia bawa lisiyumbe. Juu ya reli aweke vizuizi vya kuzuia mlango usinyanyuliwe kutoka kwenye njia yake, maana hiyo ndiyo mbinu ya kwanza ya wezi wa milango ya kusukuma. Na kufuli iwe ya ndoano, inayoshika fremu kwa kujipinda, yenye tundu la ufunguo ndani na nje. Kufuli za kawaida zenye ulimi ulionyooka hazifai hapa, kwa sababu ulimi huo huelekea upande ule ule ambao mlango huteleza, hivyo ukisukumwa kwa nguvu hutoka.

Mvua itapiga uso wa bawa na kutiririka hadi chini yake, kwa hiyo sakafu chini ya uwazi imwagwe kwa mteremko wa kwenda nje, nje kuwe na mfereji mdogo wenye chekecheke ya chuma, na juu ya uwazi kijitokeze kibaraza cha zege cha nusu mita hivi. Ulimi wa mpira chini ya bawa na brashi ndefu pande mbili vitazuia vumbi kiasi cha kutosha. Usitarajie zaidi ya hapo. Mlango wa vipande unaziba vizuri zaidi ya huu, na hilo ni jambo la kweli ambalo mwanao anaweza kukuambia.

Rangi ya kuzuia kutu ipakwe ndani na nje kabla bawa halijatundikwa, hasa kwenye mishono ya kuchomelea na ukingo wa chini, ambako kutu huanza. Mbao za mvule hupendeza na mchwa hawazipendi, lakini bawa la ukubwa huo kwa mvule litakuwa zito na ghali, kwa hiyo kama mzee anazitamani, aweke vipande vyembamba juu ya bati kwa urembo.

Mchango wa mwanao usiukatae. Mlango wa kusukuma hupokea mota ya aina ile ile ya mageti ya kuteleza, yenye gia inayouma reli ya meno iliyofungwa kwenye bawa. Muombe alipie sasa bomba la waya ndani ya ukuta kabla ya plasta, kisha mota ifuate mkiisha kuhamia na kuuzoea mlango kwa mkono. Akiinunua, achague yenye betri ya akiba, ufunguo wa kuiachia mlango usogezwe kwa mkono, na rimoti inayobadili namba yake ya siri kila inapobonyezwa, kwani zile za namba moja ya kudumu hunakiliwa. Kwa ajili ya wajukuu, mota isifungwe bila macho ya mwanga yanayourudisha mlango kitu kikipita mbele yake. Huko Marekani mota za milango ya gereji za nyumbani zilizotengenezwa tangu mwaka 1993 hulazimika kuwa na kinga ya namna hiyo. Aongeze pia kifaa cha kukinga mishtuko ya umeme na waya wa kutuliza ardhini, maana Tororo si mji wa kudharau radi: kati ya mwaka 1967 na 1976 uliandikiwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na mota yenye saketi ndogo ndani ni miongoni mwa vitu vya kwanza kuungua.

Liko jambo moja ambalo halimo katika barua yako. Mlango mdogo wa jikoni nao uwe wa mbao nzito au chuma, wenye komeo upande wa jikoni. Nyumba nyingi huweka chuma kizito gerejini na ubao mwepesi nyuma yake, na aliyekwisha kuingia gerejini hupata faragha ya kuuvunja taratibu.

Kuhusu shemeji, mwambie kwamba kazi bado ni yake, ila imekuwa kubwa zaidi, na bei yake ihesabiwe upya. Reli, magurudumu na kufuli vitagharimu zaidi ya bawaba, na si haki abebe nyongeza hiyo kwa sababu ya undugu. Andikianeni, hata kama ni karatasi moja, mkitaja geji, vipimo, aina ya magurudumu na tarehe. Mlipe sehemu ya kwanza anunue chuma, sehemu ya pili bawa likitundikwa, na sehemu ya mwisho baada ya mvua kubwa ya kwanza, mkiisha kutazama pamoja maji yamefika wapi sakafuni.